Kabla ya Mkimbiaji Kukimbia: Wazuiaji, Makocha na Mashambulizi ya Futiboli ya Kimarekani

Tarehe 31 Januari 1988, mjini San Diego, kijana aitwaye Timmy Smith aliingia uwanjani kuanza mchezo kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na mchezo wenyewe ulikuwa fainali ya Super Bowl. Katika msimu wote uliotangulia alikuwa amekimbia na mpira yadi 126 tu. Siku hiyo peke yake alikimbia yadi 204, akafunga tachidauni mbili (yaani mabao ya kuufikisha mpira mwisho wa uwanja), timu yake ya Washington ikaipiga Denver Broncos 42–10, na rekodi hiyo ya yadi za kukimbia katika fainali moja haijavunjwa hadi leo. Baada ya hapo Smith alififia haraka. Jumla ya yadi alizokimbia katika michezo yote ya msimu wa kawaida, tangu aanze hadi alipoacha, ni 602.

Wachambuzi wengi huisimulia habari hiyo kama bahati ya mtu mmoja katika siku moja. Mimi naiona kuwa ushahidi wa jambo ambalo macho ya mtazamaji, yanayoufuata mpira kila unapokwenda, hayalioni: kwamba mashambulizi ya timu ya futiboli ya Kimarekani huamuliwa kwanza na namna wazuiaji wake watano wa mbele wanavyofundishwa kuzuia, na kwamba wachezaji watakaosajiliwa, pasi zitakazorushwa, hata sifa na mishahara itakayotolewa, vyote hufuata nyuma ya uamuzi huo.

Kwa msomaji aliyezoea soka ni lazima kueleza kwanza kwamba wazuiaji hawa ni sehemu ya timu inayoshambulia, si ya timu inayolinda. Timu yenye mpira ina watu 11 na majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Ikifaulu hupewa majaribio mengine manne. Katikati ya mstari husimama senta, ambaye huupitisha mpira kati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Kushoto na kulia kwake wapo magadi wawili, na nje ya magadi wapo wazuiaji wawili wa pembeni. Watano hawa kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi. Kazi yao ni kuwasukuma walinzi, kuwageuza, au angalau kuwachelewesha kwa sekunde mbili tatu ili mwenzao apite au arushe. Swali linalowagawa makocha ni hili: je, mzuiaji aambiwe kabla ya mpira kuanza ni mtu gani atamkabili na njia itafunguka wapi, au afundishwe kanuni ya kufuata kisha njia ijitokeze yenyewe kulingana na walinzi wanavyojipanga?

Washington ya mwaka 1988 ilikuwa ya shule ya kwanza, ambayo hapa nitaiita uzuiaji wa mwanya. Katika shule hii kocha huchagua mwanya mapema. Wazuiaji wa upande ule huwapiga walinzi kwa pembe, wakiwasukuma kuelekea katikati, huku gadi wa upande wa pili akitoka mahali pake, akikimbia nyuma ya migongo ya wenzake na kutokea kwenye mwanya uliochaguliwa akiwa mtu wa ziada ambaye ulinzi haukumhesabu. Vince Lombardi aliijenga Green Bay Packers juu ya wazo hili katika miaka ya 1959 hadi 1967, akiwatanguliza magadi wake Jerry Kramer na Fuzzy Thurston mbele ya mkimbiaji, na akatwaa ubingwa mara tano. Joe Gibbs wa Washington, pamoja na kocha wake wa wazuiaji Joe Bugel, waliongeza hila: mkimbiaji alianza kwa hatua ya kudanganya kwenda upande mmoja, na wakati walinzi wanamfuata, gadi na mzuiaji wa pembeni walikuwa wamekwishatoka kwa pamoja kwenda upande wa pili. Mlinzi aliyeifuata ile hatua ya kwanza aligeuka na kumkuta Joe Jacoby, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili ambaye hakuna timu iliyomteua katika uteuzi wa wachezaji chipukizi mwaka 1981. Smith hakuhitaji kuwa na macho ya ajabu. Alihitaji kuwafuata wenzake na kuwa na kasi baada ya kutokea upande wa pili.

Nguvu ya shule hii ni uhakika wake, na udhaifu wake unatoka humo humo. Mlinzi akihama baada ya mwito kutolewa, au mmoja wao akipenya haraka katika nafasi iliyoachwa na gadi anayekimbia, jaribio zima huharibika nyuma ya mstari kabla mkimbiaji hajapata hata hatua tatu.

Aliyepoteza mchezo ule wa San Diego kama kwotabeki wa Denver alikuwa John Elway, na ile ilikuwa moja ya fainali tatu alizopoteza katika miaka minne. Mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono bora iliyowahi kurusha mpira, lakini timu iliyomzunguka ilimtaka abebe karibu kila kitu. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1995, Mike Shanahan alipofika Denver kuwa kocha mkuu na kumchukua Alex Gibbs kufundisha wazuiaji. (Alex na Joe hawakuwa ndugu, jina tu ndilo lililofanana, na mawazo yao kuhusu kuzuia yalikuwa karibu kinyume.)

Alex Gibbs hakuwa mtu wa kwanza kufundisha shule ya pili, uzuiaji wa eneo, ila sijui kama kuna aliyeufundisha kwa ukali na ufinyu wa makusudi kama wake. Wazuiaji wote watano hupiga hatua ya kwanza kuelekea upande mmoja, kwa wakati mmoja, na kila mmoja hujiuliza swali moja: je, kuna mlinzi mbele yangu? Aliye na mlinzi hupambana naye. Asiye na mlinzi humsaidia jirani yake kwanza, kisha, yule mlinzi akishadhibitiwa, mmoja kati ya hao wawili hujitoa na kupanda kumkabili mlinzi wa safu ya pili. Nani ajitoe na nani abaki haiandikwi ubaoni. Huamuliwa na mlinzi mwenyewe, kwa upande anaouchagua kwenda. Kwa hiyo wazuiaji wawili walio jirani wanapaswa kusoma mwili mmoja na kufikia uamuzi mmoja bila kusemezana, wakiwa wanakimbia, na jambo hilo halipatikani kwa kipaji. Hupatikana kwa kurudia hatua ile ile kila siku ya mazoezi, pamoja na jirani yule yule, kwa miezi na miaka.

Mkimbiaji naye hapewi mwanya. Hupewa shabaha, aghalabu karibu na bega la nje la mzuiaji wa pembeni, na ruhusa ya kukata mara moja tu. Walinzi wakikimbia naye kwenda pembeni kwa pupa, hukata kurudi ndani nyuma yao. Wakisita, huwazunguka kwa nje. Anayecheza chenga tatu, anayesimama kutafuta njia nzuri zaidi, hana nafasi katika mfumo huu, hata awe na miguu ya dhahabu. Na kwa upande ulioachwa nyuma, wazuiaji wa Gibbs walikuwa wakijitupa chini kwenye miguu ya walinzi ili wasiweze kufukuza, mbinu iliyochukiwa sana na wapinzani. Sehemu yake mbaya zaidi, ile ya mmoja kumshika mlinzi juu huku mwingine akimpiga chini, NFL iliipiga marufuku kabisa mwaka 2016, na nadhani ilichelewa.

Kutokana na uamuzi huu mmoja Denver yote ilibadilika umbo. Wazuiaji waliotakiwa walikuwa wepesi, wengi wao chini ya kilo 136, watu kama Tom Nalen na Mark Schlereth, ambao timu zilizopenda majitu zisingewathamini kwa kiwango hicho. Pasi nazo zilizaliwa ndani ya mbio: Elway alijifanya kumkabidhi mkimbiaji mpira kwenda kulia, walinzi wote wakavutwa kulia kwa sababu katika jaribio lililopita walikuwa wameumizwa huko, naye akazunguka peke yake kwenda kushoto, akiwa na nusu ya uwanja mbele yake na mpokeaji pasi Shannon Sharpe akivuka polepole kumngoja. Kwotabeki aliyekuwa na umri wa miaka 37 hakuhitaji tena kusimama katikati ya msukosuko na kuokoa jahazi kwa mkono wake. Denver ilishinda Super Bowl ya Januari 1998 dhidi ya Green Bay kwa 31–24, mkimbiaji Terrell Davis akipata yadi 157 na tachidauni tatu licha ya kukosa sehemu ya mchezo kwa maumivu ya kichwa, kisha ikashinda tena mwaka uliofuata dhidi ya Atlanta kwa 34–19.

Davis aliteuliwa katika raundi ya sita kati ya saba za uteuzi wa wachezaji chipukizi mwaka 1995. Mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008. Alipoumia goti mwaka 1999, Olandis Gary, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, akashika nafasi na kupata yadi 1,159; mwaka 2000 Mike Anderson, aliyewahi kuwa mwanajeshi na kuteuliwa pia katika raundi ya sita, akapata 1,487; mwaka 2002 akaja Clinton Portis na 1,508. Ndipo ukazuka usemi kwamba Denver inaweza kumchukua mtu yeyote barabarani na kumpatia yadi elfu moja.

Usemi huo una ukweli, lakini umetumiwa vibaya. Davis hakuwa mtu yeyote. Aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli mjini Canton mwaka 2017, ingawa maisha yake ya uwanjani yalikuwa mafupi, kwa sababu waliopiga kura waliona alichokifanya kwa yadi ambazo wazuiaji hawakumpa. Reuben Droughns, aliyepata yadi 1,240 akiwa Denver mwaka 2004 na kudhaniwa kuwa zao jingine la mfumo, alihamia Cleveland mwaka uliofuata na kupata 1,232 bila wazuiaji wale. Kwa maoni yangu funzo la Denver liko mahali pengine: mfumo huo ulijua ni sifa zipi za mkimbiaji unazihitaji, ukaacha kulipia sifa usizozihitaji. Timu nyingine zilikuwa zikinunua ukubwa, chenga na jina, nao Shanahan na Gibbs walikuwa wakitafuta mtu anayeona haraka, anayekata mara moja na asiyerudi nyuma, na watu wa namna hiyo walipatikana hadi raundi ya sita.

Hatima ya Portis inaonyesha upande wa pili wa jambo hili kwa uwazi ambao mtu asingeweza kuupanga. Misimu yake miwili Denver alipata wastani wa yadi 5.5 kila alipobeba mpira. Mwaka 2004 aliuzwa kwa Washington, ambako Joe Gibbs alikuwa amerudi kutoka kustaafu na kumrudisha Bugel pamoja na uzuiaji wao wa mwanya. Mkimbiaji yule yule, mwenye umri wa miaka 23, akashuka hadi wastani wa yadi 3.8. Hakuwa amezeeka wala kuumia vibaya. Alikuwa amefundishwa kusoma eneo na sasa alitakiwa kungoja gadi afike. Mwaka huo huo Alex Gibbs alikuwa amehamia Atlanta, na Falcons ikaongoza ligi kwa yadi za kukimbia mwaka 2004, 2005 na 2006, ikisaidiwa pia na kwotabeki Michael Vick, ambaye mwaka 2006 alikuwa wa kwanza katika nafasi yake kuvuka yadi 1,000 za kukimbia katika msimu mmoja.

Kosa la aina hiyo lililonifikirisha zaidi, hata hivyo, lilifanyika Philadelphia mwaka 2015. Chip Kelly, kocha mkuu wa Eagles, alikuwa na mkimbiaji LeSean McCoy, aliyeongoza ligi mwaka 2013 kwa yadi 1,607 ndani ya mfumo wa Kelly mwenyewe. Akamuuza Buffalo, kisha akamsajili DeMarco Murray wa Dallas, aliyeongoza ligi mwaka 2014 kwa yadi 1,845. Kwenye karatasi alikuwa ametoa mfalme mmoja na kuleta mwingine. Uwanjani Murray alipata yadi 702, wastani wa 3.6, na kabla msimu haujaisha Kelly alikuwa amefukuzwa.

Ukitazama miguu badala ya majina, sababu inaonekana. Dallas ilimweka Murray nyuma kabisa, yadi kadhaa nyuma ya kwotabeki, akitazama mbele, ili aupokee mpira akiwa tayari na kasi na akiona wazuiaji wake wote. Na wazuiaji wenyewe, Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, wote walikuwa wateuliwa wa raundi ya kwanza. Kelly alimweka kando ya kwotabeki, aupokee mpira akienda kiubavu, karibu bila kasi, kisha ageuke ghafla. McCoy, mtu wa chenga na vifundo laini, aliweza kuishi na hilo. Murray hakuweza. Wapo waliosema alikuwa amechoka, kwa kuwa Dallas ilikuwa imempa mpira mara 392 katika msimu mmoja, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka 2016 alihamia Tennessee, wakamrudisha nyuma ya kwotabeki, akapata yadi 1,287.

Kuna jambo katika mkasa huo linaloikosoa hata hoja yangu, nami siwezi kulipita. Kocha wa wazuiaji wa Philadelphia mwaka 2015 alikuwa Jeff Stoutland, ambaye leo anatajwa na wengi kuwa bora kuliko wote wa kizazi chake. Ustadi wake haukuokoa chochote. Kelly alikuwa amewaachia magadi wake wawili waliokomaa, Todd Herremans na Evan Mathis, katika mwaka huo mmoja, na Mathis akaenda Denver na kumaliza msimu akiwa bingwa wa Super Bowl. Kocha wa wazuiaji hufanya kazi ndani ya nyumba iliyochorwa na kocha mkuu: huyo ndiye anayeamua mkimbiaji asimame wapi, mchezo uende kwa kasi gani, na nani abakie kwenye orodha. Basi ninaposema wazuiaji huamua mashambulizi, sisemi juu ya mbinu za mazoezini peke yake, bali juu ya kama uongozi mzima wa timu umekubaliana na mbinu hizo au la.

Philadelphia ilipokubaliana nazo, matokeo yalikuwa mengine. Stoutland alibaki baada ya Kelly kuondoka, akafanya kazi chini ya Doug Pederson na baadaye Nick Sirianni, na timu ikatwaa Super Bowl mwaka 2018 na 2025. Mwaka 2018 Eagles walitumia nafasi ya raundi ya saba kumteua Jordan Mailata, mchezaji wa raga kutoka Australia ambaye hakuwa amecheza hata mchezo mmoja wa futiboli ya Kimarekani. Misimu miwili ya kwanza hakugusa uwanja katika mchezo wowote wa ligi. Alifundishwa kusimama, kupiga hatua, kuweka mikono, na mwaka 2020 akaanza kucheza, hatimaye akawa miongoni mwa wazuiaji bora wa upande wa kushoto katika ligi. Mwaka 2024 nyuma ya Mailata na wenzake aliletwa Saquon Barkley, ambaye mwaka uliotangulia, akiwa New York Giants, alikuwa amepata yadi 962 kwa wastani wa 3.9 nyuma ya safu ambayo iliacha makwotabeki wake waangushwe mara 85 katika msimu mmoja. Philadelphia alipata yadi 2,005, kwa wastani wa 5.8. Faida nyingine ilitoka kwa kwotabeki Jalen Hurts, kwa kuwa kwotabeki anayeweza kukimbia humlazimisha mlinzi mmoja kusimama na kumtazama, na mlinzi anayetazama ni mlinzi ambaye hakuna haja ya kumzuia.

Ni makocha wangapi leo wanaopewa miaka miwili ya kumfundisha mtu mmoja? Mkataba wa wachezaji na wamiliki wa mwaka 2011 ulipunguza mazoezi ya kugongana yenye vifaa kamili hadi 14 katika msimu wote wa kawaida. Kwa afya ya wachezaji ulikuwa uamuzi wa haki, nami siutetei ukali wa zamani. Ila gharama yake haikugawanywa sawa. Mpokeaji pasi anaweza kujifunza njia zake akiwa na kaptula. Mzuiaji hawezi kujifunza uzito wa mtu mwingine bila kuugusa. Vyuo vikuu navyo, vinavyocheza mchezo wa haraka na wa pasi nyingi, vimekuwa vikileta vijana ambao kwa miaka minne hawajaweka mkono chini na kumsukuma mtu mbele. Uzuiaji wa eneo, unaodai marudio mengi kuliko wowote, ndio ulioumia zaidi, na sioni ajabu kwamba uzuiaji wa mwanya, ambao humwambia mtu waziwazi nani wa kumpiga, umerudi kwa nguvu katika muongo huu.

Mtu aliyepitia mabadiliko hayo hadharani ni Sean McVay wa Los Angeles Rams. Alilelewa Washington chini ya Mike Shanahan na mwanawe Kyle, katika benchi la ufundi lililotoa pia Matt LaFleur na Mike McDaniel, na alipopewa Rams mwaka 2017 alileta mfumo wa Denver karibu wote: wazuiaji wote kwenda upande mmoja, mkimbiaji Todd Gurley akikata, kwotabeki Jared Goff akijifanya kukabidhi kisha kuzunguka. Mwaka 2018 walipata pointi 527, wakipitwa na Kansas City peke yake. Mwezi Desemba mwaka huo Chicago Bears, chini ya kocha wa ulinzi Vic Fangio, wakawafunga 15–6. Bill Belichick wa New England aliona, akajifunza, na katika Super Bowl ya Februari 2019 akaweka walinzi sita kwenye mstari wa mbele.

Hesabu yake ilikuwa ya ukatili. Uzuiaji wa eneo huishi kwa yule mzuiaji asiye na mlinzi mbele yake, kwa sababu ndiye anayesaidia kisha kupanda kwenda safu ya pili. Walinzi sita wakisimama mbele, hakuna mzuiaji aliye huru; kila mmoja ana wake, hakuna msaada, hakuna wa kupanda, na wale wawili wa mwisho pembeni wanamngoja kwotabeki azunguke. Rams walikimbia yadi 62 katika mchezo mzima. Walifungwa 13–3. Ligi nzima ikanakili, na katika misimu iliyofuata kila timu iliyotaka kuwazuia Rams ilijua pa kuanzia.

McVay alijibu kwanza kwa kubadilisha kwotabeki, na kwa Matthew Stafford alitwaa ubingwa mwezi Februari 2022 akiwa na yadi 43 tu za kukimbia katika fainali, jambo ambalo watetezi wa pasi hulitaja kila tunapobishana, na wana haki ya kulitaja. Lakini msimu uliofuata wazuiaji wake waliumia mmoja baada ya mwingine, Stafford naye akaumia, na timu ikashinda michezo mitano tu kati ya 17. Bingwa asiyeweza kukimbia hakuwa na pa kujificha.

Mwaka 2023 ndipo McVay alipofanya kile ambacho makocha wengi waliolelewa katika shule moja hawakifanyi. Aliacha kuifanya mbio ya eneo la nje kuwa mlo wake mkuu, akageukia zaidi uzuiaji wa mwanya na mbio za katikati, ambako wazuiaji wawili humsukuma mlinzi mmoja moja kwa moja nyuma badala ya kukimbia naye kwa pembeni. Na kwa kuwa huwezi kubadili mbinu ukabaki na miili ile ile, alibadili na miili: gadi mzito Steve Avila aliteuliwa katika raundi ya pili, na mwezi Agosti, siku chache kabla ya msimu kuanza, akaletwa Kevin Dotson kutoka Pittsburgh Steelers. Walinzi sita wa mbele, waliowekwa kuwanyima wazuiaji wepesi nafasi ya kukimbia, hawakuwa na jibu la haraka kwa watu wazito waliokuja moja kwa moja vifuani mwao. Mkimbiaji Kyren Williams, mteuliwa wa raundi ya tano, mfupi na asiye na kasi ya kutisha, alipata yadi 1,144 katika michezo 12, na pasi za Stafford, ambazo zilikuwa zimekauka mwaka uliotangulia, zikapata tena walinzi waliovutwa mbele na kuacha nafasi nyuma yao.

Pittsburgh, ambako Dotson alikuwa ameanza michezo yote 17 ya msimu wa 2022 bila kuwaridhisha waajiri wake, ilimwachia kwa kubadilishana nafasi za uteuzi za raundi za chini. Mwezi Machi 2024 Rams walimpa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 48.